"Leo tena maharage?": jibu kwa mama anayeishi Sakina, Arusha, aliyepunguza nyama

Swali: "Shikamoo. Tangu Januari nimepunguza nyama nyumbani, tunakula Jumamosi au Jumapili tu. Presha ya mume wangu na bei ya nyama vyote vimechangia. Tatizo langu ni mapishi. Nikiingia mtandaoni nakutana na kinoa, tofu na maziwa ya lozi, vitu ambavyo hapa Sakina sivioni, na nikiviona bei yake inanirudisha kwenye nyama. Matokeo yake tunakula maharage na mchicha, kesho mchicha na maharage. Watoto wameanza kuuliza 'leo tena?' Mume wangu hasemi kitu, ila nimegundua anapitia mishikaki kabla ya kufika nyumbani. Nitapata wapi mapishi ya mboga yenye ladha?"

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na hiyo mishikaki, maana imenichekesha na ndiyo inayoonyesha tatizo lilipo. Mumeo hafuati nyama peke yake pale. Anafuata moshi, mafuta yanayodondokea mkaa, chumvi, pilipili na limau, na kitu cha kutafuna. Akifika kwako anakuta maharage yaliyochemshwa yakatupiwa nyanya dakika tatu, na mchicha uliopikwa mpaka ukakata tamaa. Ukimwondolea mtu nyama usimrudishie hata kimoja katika hivyo, atakifuata barabarani.

Kwa hiyo acha kutafuta "mapishi ya wasiokula nyama". Tafuta vyakula ambavyo tangu mwanzo havikuwa na nyama. Pilau ya nyama ukiitoa nyama, kila aliyeketi mezani anajua kilichokosekana. Lakini sijawahi kumwona mtu akila mbaazi za nazi akauliza nyama iko wapi. Kuna watu wamepika bila nyama vizazi na vizazi, wengine kwa ajili ya dini, wengine kwa sababu nyama ilikuwa ya sikukuu tu, na kazi ya kutafuta ladha walishaimaliza zamani. Wewe uko Arusha, na watu hao wamekuzunguka.

Anzia mlimani, kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Hukusema mumeo ni mtu wa wapi, lakini kama ana bibi Kibosho au Machame, amekulia kwenye kiburu hata kama siku hizi anakisahau. Kila mtu anaujua mtori kwa sababu una nyama na unapelekwa kwa mzazi. Kiburu, ambacho ni ndizi na maharage, kimebaki kuitwa chakula cha shida, na nadhani tumekionea. Fanya hivi. Chemsha maharage mpaka yakaribie kuiva, usimwage ile supu yake. Paka mafuta mikononi ili utomvu usikunate, menya ndizi mshare mbichi kumi hadi kumi na mbili, zikate vipande viwili viwili na uzitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Vikombe viwili vya maharage na supu yake vitangulie sufuriani, ndizi juu, maji yafike usawa wa ndizi, funika, moto wa wastani. Baada ya nusu saa hivi chukua mwiko, ponda ndizi chache pembeni ya sufuria ili mchuzi uwe mzito, nyingine ziache nzima. Mpaka hapo hicho ni chakula cha bibi, na kina kasoro moja tu: kimetulia mno mdomoni.

Sasa chukua vitunguu viwili vikubwa, vikate vyembamba, vikaange kwa vijiko vitatu vya mafuta kwenye moto mdogo kwa dakika ishirini. Ndiyo, ishirini. Vitapita kwenye weupe, vitalegea, vitaanza kunata chini ya kikaango, nawe utavikwangua kwa kijiko cha maji kila vinaponata, mpaka viwe na rangi ya kahawa iliyokaangwa vizuri. Mwishoni tia punje tatu za kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili. Mimina vyote juu ya kiburu na ukoroge mara moja tu. Ule uzito wa ladha uliokuwa ukiutegemea kwenye nyama unatoka hapo. Wengi wetu tunakosea kwenye kitunguu, tunakiondoa motoni kikiwa bado kinalia. Ukijifunza hilo moja, maharage yako ya kila siku yatabadilika kabla hujapata pishi jipya hata moja.

Usiwasahau wenyeji wako wa Arusha pia. Loshoro ya Waarusha na Wameru, yaani mahindi ya kukoboa yaliyochemshwa mpaka yakalainika kisha yakachanganywa na mtindi, ni chakula cha mchana wa joto. Watoto wengi hukipenda kwa sababu kina uchachu. Makande nayo hayahitaji kufundishwa, ila jaribu kuyamalizia kwa vijiko viwili vya karanga za kusaga na nyanya iliyokaangwa mpaka mafuta yakajitenga.

Halafu nenda kwa majirani. Arusha na Moshi zina Wahindu wa siku nyingi, na wengi wao hawajawahi kugusa nyama maisha yao yote. Somo lao kubwa ni kuweka viungo mwishoni badala ya mwanzoni. Chemsha adesi nyekundu na binzari manjano. Hazihitaji kulowekwa, na dakika ishirini na tano zinatosha. Zikishapondeka, pasha mafuta kwenye kikaango kidogo, tupia kijiko cha binzari nyembamba, zikianza kuchezacheza tia kitunguu saumu na pilipili kavu mbili, uhesabu mpaka kumi, umwage yote juu ya adesi. Itapiga kelele kama mvua juu ya bati. Wenyewe huita tadka. Mafuta yale yanabeba harufu nyumba nzima, na harufu ni nusu ya chakula.

Wahabeshi nao wana migahawa yao mjini. Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga kila Jumatano na Ijumaa na Kwaresima nzima, bila nyama, maziwa wala mayai. Ndiyo maana wana mapishi mengi ya namna hiyo kuliko mtu unayeweza kumtaja. Nenda siku moja na familia, agizeni chakula cha kufunga, mtaletewa sinia lenye rangi sita. Onjeni, kisha muulize mpishi kuhusu shiro, ule uji mzito wa unga wa dengu wenye viungo. Si lazima ujifunze kupika injera, ule mkate wao laini. Shiro na ugali wa moto vinaelewana vizuri sana, ingawa rafiki yangu mmoja Mhabeshi akinisikia nasema hivyo hufumba macho.

Kuna na majirani Wasabato, maana Usa River pale kuna chuo chao kikuu na wengi wao wameacha nyama siku nyingi. Kwao ndiko utajifunza ile nyama ya soya ya pakiti, ambayo wengi wetu tunaiharibu kwa kuichemsha na kuitupa mchuzini ikiwa bado imejaa maji. Iloweke kwenye maji ya moto robo saa, ikamue kama unafua kitambaa, iloweke tena, ikamue tena, kisha ikaange kwenye mafuta yenye moto mkali mpaka iwe na ukoko. Ndipo mchuzi ufuate. Mimi binafsi siipendi sana, lakini kwa watoto wanaolilia kitu cha kutafuna inasaidia.

Mtandao nao si mbaya, ila umekuwa ukiuliza kwa lugha ya watu wengine. Sisi tuko karibu na mpaka wa Namanga, na wapishi wa Kenya wamejaza video za mboga za huku huku kwetu. Kinachotukwamisha ni majina. Wakisema ndengu wanamaanisha choroko zetu. Dengu zetu sisi ni kitu kingine kabisa, na nimeshapokea malalamiko ya mtu aliyepika moja akidhani ni nyingine. Githeri ni makande. Managu ni mnafu. Terere ni mchicha, saga ni mgagani, minji ni njegere, nduma ni magimbi, waru ni viazi mviringo, na dania ni giligilani. Njahi, ambazo Wakikuyu wanazithamini sana, ni ngwara, zile zinazojaa masoko yetu na sisi tunazipita. Andika "njahi za nazi" au "managu na maziwa" uone utakachofunguliwa.

Ngwara zenyewe nilifundishwa sokoni Kilombero, miaka mingi iliyopita. Nilikuwa nimezinunua mara moja, nikapika kama maharage, zikatoka chungu na mchuzi mweusi kama oili ya gari. Nikarudi kwa mama yule yule aliyeniuzia.

"Shikamoo mama. Zile ngwara zimenishinda."

"Marahaba mwanangu. Maji ya kwanza ulimwaga?"

"Hapana."

"Basi umekula dawa, hukula chakula."

Akanieleza: loweka usiku kucha, chemsha dakika kumi na tano, mwaga yale maji yote meusi, weka mapya, mpaka ziive. Kaangia kitunguu na karoti iliyokwaruzwa, tia tui la nazi au maziwa, usiweke nyanya nyingi. Nimepika hivyo mpaka leo. Ndiyo maana huwa nawaambia watu kwamba kitabu cha mapishi kilicho karibu yao ni muuzaji. Muulize "mama, hii nyumbani kwako mnapikaje?" siku ambayo soko halijajaa. Tengeru siku ya Jumatano au Jumamosi utakuta wauzaji kutoka miteremko ya Meru wenye majani ambayo hujawahi kuyaweka sufuriani. Huko huko Tengeru, eneo la Madiira, ndiko kilipo kituo cha World Vegetable Center kilichofanya kazi kubwa ya kuboresha mboga zetu za asili. Ukisikia mchicha wa Madiira, mnafu wa Nduruma au nyanya chungu za Tengeru White, ni mbegu zilizotoka kwenye kazi hiyo. Zile nyanya chungu nyeupe tafuta kwa makusudi, hazina uchungu unaowakimbiza watoto. Zipasue vipande vinne, zikaange mpaka zipate madoa ya kahawia, kisha uzimalizie na karanga za kusaga zilizokorogwa kwenye maji ya moto.

Sasa, jambo ambalo mapishi ya mtandaoni hayatakuambia. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na huku maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, siyo 100. Maana yake mpishi wa Dar akiandika "chemsha maharage saa moja na nusu", yako Sakina yatakuwa bado yanagonga meno. Hujakosea, ni mwinuko. Ndugu zetu wa Moshi mjini wako chini kidogo, tofauti hawaioni sana, lakini aliyeko Marangu anaijua. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, na nyanya au limau viingie maharage yakiwa yameshaiva, kwa kuwa uchachu unayafanya yagome. Muulize muuzaji kama ni ya msimu huu, sababu maharage yaliyokaa ghalani mwaka mzima unaweza kuyachemsha mpaka mkaa uishe. Kama unaweza kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya safari hii ya mboga, nunua presha kuka. Mkaa utakaookoa utailipa.

Najua wengi wanatumia magadi kulainisha maharage na ndizi, na kwenye kiburu cha asili yanatiwa. Kwa nyumba yako nakushauri uyaache. Magadi yana sodiamu kama ilivyo chumvi, na mumeo ana presha. Isitoshe, yakizidi yanaharibu vitamini B1 na chakula kinanukia sabuni. Kwa sababu hiyo hiyo angalia vile viungo vya mchuzi vya pakiti na vya vidonge: mtu akiacha nyama huanza kuvitumia mara mbili ili kufidia ladha, na kilichomo humo kwa sehemu kubwa ni chumvi. Kitunguu cha dakika ishirini, limau, pilipili, tangawizi na giligilani vitakufikisha mahali bila hivyo. Na dawa za presha asiziache kwa sababu tu sasa mnakula mboga. Hilo azungumze na daktari wake.

Kipimo kingine kinachowapoteza wasomaji ni kopo. Mapishi ya nje husema "kopo moja la maharage" wakimaanisha lile la gramu 400, na ukimwaga maji yake hubaki kama gramu 240 za maharage yaliyoiva. Kwako hiyo ni sawa na gramu 100 za maharage makavu, robo kilo ikikupa makopo mawili na nusu. Chemsha kilo nzima Jumapili, gawanya kwenye vibakuli, weka kwenye friza, na wewe utakuwa na makopo yako. Yale maharage mekundu makubwa lazima yapate mchemko mkali wa dakika kumi kamili kabla hujapunguza moto au kuyahamishia kwenye jiko la kikapu linalohifadhi joto, kwani yakiiva kwa moto wa upole tangu mwanzo yanaweza kuumiza tumbo vibaya.

Kuhusu afya ya watoto sina wasiwasi mkubwa, kwa vile nyama bado ipo wikendi, na nadhani maziwa na mayai hamjaacha. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea, kwa hiyo mtindi na yai vibaki mezani. Madini ya chuma yaliyo kwenye mnafu na maharage mwili huyapokea kwa shida kidogo kuliko yale ya nyama. Kamulia limau au weka kachumbari pembeni, na chai isubiri saa moja baada ya kula. Mahindi na maharage kwenye sahani moja yanakamilishana protini. Mchanganyiko huo bibi zetu waliujua kabla yetu.

Usijaribu kubadilisha wiki nzima kwa mkupuo. Ukihesabu vizuri, nyumba nyingi zinazunguka kwenye vyakula vinane au tisa tu mwaka mzima, pamoja na zinazokula nyama kila siku. Wewe sasa una viwili, ndiyo maana unasikia "leo tena?" Jaribu kimoja kipya kwa wiki, siku ambayo hujachoka, na uwe na daftari jikoni. Andika ulichopika, kilichobaki sufuriani na nani alikiacha. Kilichokataliwa mara mbili kiache, usikigombanie. Watoto wangu walikataa mlenda miaka yote na wamekua vizuri tu.

Turudi kwa mzee wa nyumba. Uzuri wa mkaa ni kwamba haujali unachochoma. Siku ya Jumatano nunua mabilinganya mawili makubwa na uyoga mamama kama utaupata. Washa jiko mapema. Weka mabilinganya juu ya mkaa wenyewe, bila sufuria, uyageuze mpaka maganda yaungue kabisa na ndani yalegee kama siagi. Kwangua maganda, ponda nyama yake na kitunguu saumu, nyanya iliyochomwa pembeni, pilipili, kijiko cha mafuta na limau. Uyoga uchane, upake mafuta, chumvi kidogo na tangawizi, uutunge kwenye vijiti pamoja na pilipili hoho na vipande vya kitunguu, uuchome mpaka ncha ziwe kahawia. Pembeni ndizi mzuzu za kuchoma na kachumbari. Usimtangazie kwamba umejaribu pishi jipya. Mpigie tu umuulize amefika wapi, na akishasema anashuka kwenye daladala, ndipo uyaweke mabilinganya motoni, moshi uwahi kufika getini.